Gigabaiti Thelathini na Nane

1

Laptopu ya zahanati ya Mikarafuuni ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu angeweza kuibana kwapani na bado akabeba kuku wawili, na ndani yake walikuwamo watu kumi na wawili.

Si watu wazima wazima, bila shaka. Kila mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa na figo bandia lililoshonewa ubavuni, na figo lenyewe halikuwa na akili. Akili ilikuwa kwenye laptopu, katika faili la mazoea, lililoitwa hivyo kwa sababu ndilo lililojua mazoea ya damu ya mwenyewe: chumvi yake, hasira zake, anavyofunga Ramadhani na anavyofakamia pilau sikukuu ikiingia. Kila Alhamisi wagonjwa walikuja, wakajilaza ubavu kwenye kibao cha kusomea, na laptopu ikalipa figo maagizo ya siku saba. Siku saba zikiisha bila maagizo mapya, figo hulala, na likishalala haliamki mpaka lifundishwe upya. Lilitengenezwa hivyo makusudi, lisije likachuja damu ya mtu kwa kubahatisha.

Zamani mafaili yalikaa kwenye ghala la Kampuni iliyotengeneza mafigo hayo, ng'ambo huko. Miaka mitatu nyuma Kampuni ilifunga ghala na kuyagawa kwa zahanati, pamoja na barua iliyosema kila jamii itunze watu wake, maneno matamu kwelikweli ukiyasoma haraka. Kila faili lilitiwa muhuri lifunguke kwenye mashine moja tu. Ukilihamishia kwingine halifunguki, hata ukilirudisha, na ukiipasua laptopu kubadilisha diski, yanajifunga yote. Tena mafaili haya yana tabia ya kukua. Mtu akizidi kuishi, faili lake linanenepa.

Alhamisi ile saa moja asubuhi, muuguzi Adelina Ngonyani aliwasha laptopu akakuta ujumbe umemsubiri.

*Sasisho la lazima. Mwisho: leo saa sita mchana. Nafasi inayohitajika: gigabaiti 38. Nafasi iliyopo: gigabaiti 3. Bila sasisho, hakuna figo litakalopokea maagizo.*

"Hakuna hata moja?" aliiuliza mashine. Alikuwa na miezi minane tangu ahamishiwe Pemba kutoka Songea, na katika miezi hiyo alikuwa amezoea kuzungumza na kitu chochote kilichokaa kimya mbele yake.

Alianza na vitu ambavyo hakuna mtu angevililia. Video ya ufunguzi wa zahanati, saa mbili na nusu, karibu zote hotuba: gigabaiti sita. Filamu za mafunzo kwa lugha ambayo hakuna mtu kisiwani aliyeijua: kumi na moja. Harusi ya binti wa muuguzi aliyemtangulia, siku tatu nzima: tisa. Hapo alisita kidogo, maana bibi harusi alipendeza. Akafuta. Akatazama nafasi akakuta ni gigabaiti tatu, palepale. Alimtukana mtu asiyejulikana, kwa Kingoni, kabla hajakumbuka kwamba vitu alivyofuta vilikuwa vimehamia tu kwenye pipa la taka la mashine. Akalimwaga pipa. Kisha akaiamuru laptopu kwamba kuanzia hapo isipitishe kitu pipani, ifute moja kwa moja, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda na nje wagonjwa walishaanza kukohoa kwenye benchi.

Ishirini na tisa. Zilipungua tisa tu.

Laptopu ikajitia kumsaidia. *Mafaili mawili ya mtu mmoja yamepatikana. Mwenyewe: Kombo Faki Kombo. La kwanza: miaka 13, gigabaiti 41. La pili: miaka 2, gigabaiti 12. Futa moja?*

Adelina alimjua vizuri Mzee Kombo Faki Kombo. Umri miaka sabini na tisa, mchokozi, kila Alhamisi anakuja wa mwisho ili apate nafasi ya kupiga soga. Muuguzi aliyemtangulia naye alikuwa amemjua kupitia kazi zake, maana alikuwa mtu wa kuandika uzito wa mgonjwa mahali pa namba ya simu. Kwamba mtu huyo alimfungulia mzee mmoja mafaili mawili, lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Hata hivyo Adelina hakuwa mzembe. Alichukua daftari la karatasi akapitisha kidole kwenye majina yote, na kwenye daftari Kombo alikuwa mmoja.

Alibakiza lile kubwa lenye miaka kumi na mitatu. Lile dogo akalifuta, na papo hapo sasisho likaanza kujiandika juu ya nafasi iliyoachwa wazi. Akashusha pumzi, akafungua mlango, akamwita mgonjwa wa kwanza.

2

Kufika saa nne alikuwa amewahudumia watu kumi, na moyo wake ulikuwa mweupe. Ndipo akaingia Babu.

Babu alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mpanda mikarafuu, mwenye mikono mipana na mke mwenye mimba ya miezi saba. Homa ya utotoni ndiyo iliyomla figo polepole, mpaka miaka miwili nyuma akashonewa la bandia. Mji mzima ulimwita Babu, hata vitoto, na Adelina alipenda kumtania kwa jina hilo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoto hawajambo?"

Akajilaza ubavu kwenye kibao, huku akicheka. Laptopu ikafikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida.

*Mwenye figo hili hatambuliwi.*

Adelina alikifuta kibao kwa spiriti akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu. Jibu likawa lilelile.

"Babu, hebu niambie. Jina lako kamili nani?"

"Miezi minane leo hujui jina langu?" Bado alikuwa anacheka. "Kombo. Kombo Faki Kombo."

"Hilo ni la mzee."

"Na langu. Babangu alinipa jina la babake, ndiyo desturi yetu. Sasa mama hawezi kulitamka jina la mkwewe, ni utovu wa adabu, basi toka nimezaliwa ananita Babu. Na watu wakafuata. Hata kwenye daftari lako nimeandikwa Babu Faki, utazame." Akainua kichwa. "Dokta, vipi? Mbona hivyo?"

Adelina alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kwao Songea mtu hupewa jina la marehemu, na marehemu hana faili. Alitamani sakafu ipasuke. Alitamani mtu mwingine yeyote duniani awe ndiye aliyekaa pale asubuhi. "Nisubiri kidogo," alisema, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mgonjwa.

3

Mhandisi wa zamu wa Kampuni alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimtisha Adelina kuliko makaripio.

"Sasisho limeshajiandika juu yake?"

"Limeshajiandika."

"Basi halirudi, dada. Pole sana."

"Nianze kulifundisha figo upya?"

"Linahitaji siku arobaini za kujifunza. Na siku hizo figo linakuwa halichuji chochote."

Mtu asiye na figo hawezi kungoja siku arobaini. Babu alikuwa na nguvu, labda angekaa siku kumi, labda kumi na mbili. Zamani kulikuwa na mashine kubwa za kusafisha damu hospitalini, lakini mafigo bandia yalipoingia zile mashine ziling'olewa zote, zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Maagizo ya Alhamisi iliyopita yangeisha leo saa nane mchana.

"Ana ndugu wa damu kwenye mashine hiyo?" mhandisi aliuliza. "Faili la ndugu wa karibu linaweza kukunjwa likamkaa. Ni kazi ya nusu saa. Ila likishakunjwa, mwenyewe halimfai tena."

"Yupo babu yake. Nitoe nakala, nikunje nakala?"

"Ndivyo inavyofanywa. Nakala inataka nafasi sawa na faili lenyewe."

"Faili lina gigabaiti arobaini na moja. Mimi nina tatu."

"Basi futa kitu kingine, dada."

"Hapa vimebaki watu tu," Adelina alisema.

Mhandisi akasema ataandika taarifa. Adelina akabaki na simu mkononi, macho kwenye orodha. Bibi mmoja alikuwa hajitambui tangu mwezi wa tatu na faili lake lilikuwa na gigabaiti thelathini na tisa. Bwana mmoja hakuwa na mtoto wala mke. Alijikuta anawapima mmoja mmoja, kama mtu anayechagua viazi sokoni, na alipojigundua akaufunika uso kwa viganja vyote viwili. Alijichukia. Lakini hata kujichukia hakukumwachia nafasi yoyote kwenye diski.

Akatoka akamweleza Babu yote, bila kupunguza neno. Babu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umenifuta," alisema, si kwa ukali. Alisema kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri.

"Nimekufuta. Nisamehe."

Babu akavaa shati lake. Vifungo vilimshinda, akaviacha.

4

Walikuja saa saba, baada ya sala ya adhuhuri: Mzee Kombo na mwanawe Faki, babake Babu, fundi seremala, ambaye alikuwa bado na unga wa mbao kwenye nyusi. Raya, mke wa Babu, alikaa mlangoni akikataa kiti. Adelina alirudia habari yote akiwa amesimama, maana hakuona kama ana haki ya kukaa.

Alipofika kwenye lile jambo la kukunja faili, alijitahidi asimtazame mzee. Wengine wote walimtazama. Hakuna aliyekusudia. Macho yalijiendea yenyewe.

Mzee Kombo akawaangalia mmoja mmoja.

"Mnangoja niseme n'takufa miye," alisema.

"Hakuna aliyesema hivyo, baba," Faki akajibu haraka.

"Hamkusema. Mnangoja." Akaiweka mikono yake chini ya mapaja. "Miye sitaki kufa. Nawaambieni wazi ili msikae mkingoja. Watu wanadhani mtu akizeeka anakuwa amejitayarisha. Miye sijajitayarisha. Naogopa kaburi leo kuliko nilivyoliogopa nilipokuwa na umri wa huyu. Nikiamka asubuhi nikaona jua dirishani nafurahi mpaka naona haya. N'fanyeje?"

Raya alianza kulia kwa sauti ndogo. Mzee alimsikia, akageuza uso ukutani.

"Msimwombe," Babu alisema. "Mtu asimwombe, hata mmoja wenu. Yeye hakufuta kitu."

Saa saba na robo Faki alimfuata Adelina nyuma ya zahanati, kwenye tangi la maji. Alikuja akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, akawa hawezi kuanza.

"Dokta. Mzee hajapata maagizo yake ya leo."

"Bado. Alikuwa awe wa mwisho."

"Akijilaza pale, yeye hasomi kioo. Anajua tu kwamba mashine imelia. Ukilikunja hilo faili ukampa mwanangu, na mzee ukamwambia tayari..." Akaligeukia tangi. "Atachoka tu. Atadhani ni uzee. Atalala."

"Mzee Faki, unajua unachoniomba?"

"Najua. Ni babangu. Alinifundisha kushika randa." Sasa alikuwa analia wazi, machozi yakichora njia kwenye unga wa mbao. "Nikimwomba yeye naonekana namuua. Nikinyamaza naonekana namuua mwanangu. Miye niko katikati, dokta, na sina cha kukupa, sina figo, sina faili, sina kitu. Weye ndiye mwenye mkono. Na weye ndiye uliyekosa."

Neno hilo la mwisho lilimwingia kwa sababu lilikuwa kweli. Adelina hakuahidi kitu. Alisema tu, "Mwite mzee aje."

5

Mzee Kombo alijilaza ubavu kwenye kibao. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini na tano, na kukunja faili kunataka nusu saa. Mlango ulikuwa umefungwa. Kwenye kioo Adelina alikuwa amefungua dirisha ambalo hakuwahi kulifungua kabla, lenye swali fupi: *Kunja faili hili kwa mwenye figo mwingine?* Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

Akajiambia kwamba mzee ana miaka sabini na tisa. Akajiambia kuna mtoto tumboni mwa Raya. Akajiambia maneno mengine mengi, na yote yalikuwa na maana, na kila moja lilimfanya ajione mbaya zaidi. Kufuta asubuhi alikosea bila kujua. Hili la sasa angelifanya anajua.

"Dokta," mzee alisema akiwa amempa mgongo. "Umekaa muda mrefu leo."

"Mashine inafikiri, mzee."

"Faki alikuja kukusemesha huko nyuma. N'limwona anavyotembea aliporudi. Miye sitageuka. Sijui kusoma hicho kioo, na hata nikigeuka sitajua. Ukinambia tayari, n'taamka nikushukuru. Ndivyo ilivyo. Basi."

Hakusema fanya, wala hakusema usifanye. Adelina aliutazama mgongo ule uliokonda, shati limepanda, kovu la figo likipumua pamoja na mwenyewe. Alisubiri kama mzee ataongeza neno, neno moja tu litakalomwondolea mzigo upande wowote. Mzee alikuwa ameshasema yake. Dakika tano zikapita hivyo, muuguzi akisubiri ruhusa na mzee akisubiri hukumu, kisha zikapita nyingine tano, na saa saba na nusu ikawa imepita.

Akalifunga lile dirisha. Akamtumia mzee maagizo yake ya siku saba, kama kila Alhamisi. Mashine ikalia.

"Tayari," alisema. "Ni yako mwenyewe. Nakuapia."

Mzee Kombo aliamka taratibu. Hakumshukuru. Alikaa ukingoni mwa kibao, akatumbukiza uso ndani ya kofia yake, akalia humo kwa aibu ya mtu aliyepewa kitu alichokitaka.

6

Saa nane ilipofika hapakusikika kitu. Figo la Babu lililala ndani ya ubavu wake naye amekaa kwenye benchi la nje, kati ya babake na mkewe, na hakuhisi chochote. Mzee alikuwa amesimama hatua chache mbali nao, kwenye kivuli cha paa, akishindwa kukaribia na akishindwa kwenda nyumbani.

Adelina alitoka na laptopu mkononi kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi. Alisema ameshaandika barua wizarani akieleza kosa ni lake. Alisema atakuja nyumbani kila asubuhi na kila jioni, na kwamba maumivu yana dawa. Faki hakumtazama. Raya alimtazama, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nina neno," Babu alisema. "Nataka mlisikie wote, na mzee asogee alisikie."

Mzee akasogea hatua moja.

"Mtoto akiwa wa kiume, msimwite Faki."

Faki alishtuka kama amepigwa. Zamu ilikuwa yake. Miezi saba alikuwa akiingojea, na kitanda cha mtoto alikuwa ameshakichonga, na ubaoni jina amelichora kwa penseli, tayari kwa patasi.

"Mwanangu, hiyo ndiyo desturi."

"Naijua, baba. Sikudharau. Lakini weye nawe una sukari, na kesho na keshokutwa utakuja kulala kwenye kibao hicho, na yeye atakuja, na atakuwa Faki Kombo Faki kama weye. Mtafutieni jina lake peke yake. Jina lolote ambalo halina mtu."

"Jina gani halina mtu?" Raya akauliza. Alisema Hamadi, akakumbuka Hamadi wa dukani. Faki akanong'ona Makame, na Makame walikuwa wawili mtaa wa chini. Walitaja mengine matatu manne, na kila walilolitaja lilikuwa na mwenyewe, maana mji ule haukuwahi kuzua jina jipya, ulipokezana tu yaleyale.

"Dokta, weye una orodha," Babu akasema. "Tusomee yaliyomo humo, angalau hayo tuyaepuke."

Adelina alikaa kwenye ngazi. Aliifungua laptopu magotini, akayasoma majina yaliyobaki, moja baada ya jingine, polepole, na baada ya kila jina Raya akatikisa kichwa kulikataa. Alipofika la sita, lililoanza na Kombo, aliacha kusoma.

"Endelea, dokta," Babu alisema. "Hilo tunalijua."